Wamama Wawili wa Meza ya Makayabo

Mu telefoni yangu niko mu grupu moja ya watu wa Bunia, na kila siku ya Mungu kuko mutu anatuma foto ya zamani. Barabara kubwa wakati ya Wabeleji, mikaratusi imepangwa pande mbili, gari moja nyeusi, na mutu hakuna. Chini yake wanaandika: eeh, muji yetu ilikuwa muzuri. Inanikasirisha. Barabara bila watu, uzuri yake iko wapi? Siku moja niliandika kwamba ile barabara ilikuwa safi kwa sababu wenye kuilima walikatazwa kutembea ndani. Nyuma ya saa nzima mutu akatuma foto ya keki ya ndoa.

Miye natafuta barabara ileile, lakini ya juzi, ya wakati karne ilikuwa inageuka, miaka ya elfu mbili ikianza, mbele ya vita kutusambaza. Naitafuta kwa sababu moja tu. Mama yangu alikuwa anauza makayabo pale, ile samaki ya chumvi yenye inatoka ku ziwa, na sina foto yake hata moja. Sura yake imenitoka kichwani. Asubuhi moja nilikuwa nafungua magazini yangu, nikataka kumuwaza kidogo vile nilizoea, nikakuta siko naona kitu. Nilikaa ku ndoo ya misumari paka mukiriya wa kwanza akaja kununua.

Nauza misumari, mabati na kufuli karibu na soko. Familia yetu ni ya Butembo, kwa hiyo biashara iko mu damu, hata kama bahati haiko. Mume wangu alifuata dhahabu Nizi, na huko akakuta dhahabu ingine ya miguu mbili. Watoto Mungu hakutupatia. Jioni nafunga magazini, napika chakula ya mutu mumoja, na nasema na radio. Siko nalia, naeleza tu. Mutu mwenye iko na watu nyumbani anaweza kusahau sura ya mama yake, ataikuta ku uso ya mutoto yake. Miye nitaikuta wapi?

Baba sikumujua; mama alikufa njiani, wakati tulikuwa nakimbia kwenda Beni. Homa ilimushika siku mbili, wakamuzika nyuma ya kanisa moja yenye leo siwezi kuonyesha. Nilikuwa mutoto mudogo, meno ya mbele imeanguka. Nyumba yetu ya Bunia iliungua na foto zote. Mama mudogo, mudogo wake wa tumbo moja, njo alinilea Butembo, na kila mara nikimuuliza mama alikuwa aje, anasema: "Weye unafanana na baba yako, kabisa." Anarudilia kazi yake. Nafikiri ilikuwa inamuumiza. Yeye pia alikufa, na hakuniachia neno ingine.

Kwa hiyo nilibaki na nini? Mugongo, sababu nilikuwa natembea nyuma yake. Sauti yake akiita wakiriya. Na kikwembe chake, kitenge cha bluu chenye ndege wa njano. Ile kikwembe nilikuwa naiona wazi, ndege moja moja, mabawa imefunguka. Nilikuwa nalala nikijua kwamba siku nitaona ile kikwembe mu foto, nitapandisha macho tu, na uso yake itakuwa pale.

Mwaka hii, ku kanisa, mama mumoja wa kwaya aliniambia kuhusu mujane wa muzee mumoja mupiga-foto. Ule muzee alikuwa anasimama kila siku ku barabara kubwa na mashini yake. Unapita, anakupiga, nyuma ya wiki unarudi kuchukua foto. Halafu vita ikaja, watu wakakimbia, foto zikamungojea na hakuna mwenye alirudi. Hakutupa hata moja. Alikufa, mujane wake anazilinda mu makarto chini ya kitanda.

Nilienda kwake siku ya Mungu nyuma ya misa. Nilimukuta inje, mama muzee mwembamba, sahani ya maharagi ku magoti, anachagua mawe. Nilimusalimia, nikamueleza. Hakuacha maharagi.

"Unajua sheria ya hii nyumba?" aliniuliza.

"Hapana, mama."

Akanieleza. Wakati ya vita, wanaume walikuja kwa bwana yake na foto ya vijana wanne wamesimama ku barabara, wakamuuliza majina yao na makao yao. Foto ilitoka mu mashini yake mwenyewe. Alisema hajui, na walimupiga. Tangu ile siku aliapa: uso ya mutu haitatoka tena mu nyumba yake na uso ya mutu mwingine. Ukija, unaonyesha mutu wako na kidole. Anakata na makasi, anakupatia wako, wenye kubaki wanarudi mu karto kungojea wao.

"Vita iliisha, mama," nilisema, na sikuwa na hakika.

"Weye njo unasema," akajibu. "Na ujue ingine. Mutu mwenye hajui mutu wake, simupatii. Mwaka yenye imepita kijana alikuja, anasema huyu ni baba, hapana, ni huyu. Nilimurudisha. Nitapatia mutu baba wa wengine?"

Alinileta mu chumba, akavuta makarto, akaketi ku kitanda na makasi yake ku kikwembe. Nilipiga magoti chini. Hapo njo niliona muji yangu. Mavumbi, baiskeli zimebeba mafuta ya mawese, milango ya magazini ya bluu imefunguka nusu, kamio ya mizigo yenye imeandikwa Nani Kama Mama, matope mbele yake, mbwa, kijana wa lunettes nyeusi ku macho anajifanya mutu mukubwa. Na watu, watu wengi, ile barabara ilikuwa imejaa watu. Wengine nilijua wamekufa. Wote walikuwa wanatazama mashini wakifikiri watarudi wiki ingine kuchukua foto yao.

Nilikuwa natafuta bluu na njano. Karto ya kwanza, hakuna. Mu ya pili nilivuta foto moja: ndege wa njano, mabawa imefunguka. Nikapandisha macho. Mwanamuke mufupi, munene, simujui kabisa. Pembeni yake mwingine, kikwembe ileile. Nyuma yao mwingine tena. Wamama makumi wanatembea ku barabara kubwa, wote wamevaa ndege wangu.

Mujane aliinama kutazama, akacheka pole pole. "Aa, ile njo kikwembe ya sikukuu ya wamama. Tulivaa siye wote, muji muzima. Hata miye nilikuwa nayo, nilipasua nikabebea wajukuu."

Miaka hii yote nilikuwa nafikiri niko nachunga kitu ya mama yangu, kumbe nilikuwa nachunga nguo ya kila mutu. Nilisikia haya na kasirani pamoja. Nilitaka kusimama niende.

Lakini foto yenye ilikuwa chini ya ile, niliitambua mbele ya kuelewa. Meza ya makayabo. Mutoto wa kike amesimama mbele yake, na ku mugu iko kitambaa nyeupe. Mugu ni yangu. Nilijikata na bati, kovu iko paka leo, nikivaa robo, nguo fupi, watu wanaliona. Mutoto anafunga macho kwa sababu ya jua. Na kila upande wake iko mwanamuke mumoja, wote wawili mu kikwembe ya ndege.

Mama alikuwa na mwenzake wa meza. Walikuwa nauza pamoja, wanakula pamoja, na miye nilikuwa naita wote wawili mama, vile mutoto mwenye heshima anafanya. Mwenzake alikimbilia upande wa Aveba na sijasikia habari yake tena. Sasa wote wawili walikuwa mbele yangu, na sikujua mama yangu ni yupi.

Mumoja anacheka, kichwa kimeenda nyuma kidogo. Mwingine amechoka, anatazama kitu pembeni, pengine mukiriya, pengine mulevi. Urefu ni moja. Vilemba ni vya sikukuu. Nilitazama ule wa kucheka, nikangojea kitu kiamuke mu tumbo yangu. Nikatazama wa kuchoka, nikangojea tena. Watu wanasema damu inajua damu. Damu yangu ilinyamaza. Nilileta foto karibu na dirisha, nikarudi, na ile muda yote nilikuwa nasikia mujane anapumua nyuma yangu.

"Huyu mutoto ni weye," akasema. Aliona kovu ku mugu yangu.

"Ndiyo, mama."

"Basi mama yako ni yupi?"

Kama ningesema sijui, foto ingerudi mu karto, na ningerudi kwangu na mikono mitupu. Niliweka kidole ku ule wa kucheka. Nilichagua yeye kwa sababu alikuwa anacheka. Nilitaka kuwa na mama mwenye alikuwa na furaha siku moja, miye nikiwa pembeni. Sina sababu ingine.

Mujane alikata pole pole, ulimi katikati ya meno, vile bwana yake alimufundisha. Makasi ilipita kati ya mutoto na mwanamuke wa kuchoka. Alinipatia nusu yangu, akarudisha ingine mu karto, juu yake akapanga zingine, akasukuma karto chini ya kitanda na mugu. Akaniambia: "Sasa uko na mama yako. Nenda na amani." Nilimushika mikono, nikamushukuru na nguvu mingi, sawa mutu mwenye ameiba.

Nilinunua kadre ya muzuri, ile ya kuweka foto. Foto iko ku ukuta, juu ya radio. Siku ya kwanza niliitazama tu uso, nikiifundisha kichwa yangu. Siku ya pili njo niliona mabega ya mutoto. Ku bega moja iko vidole vinne, vimekatwa na makasi pale mukono unaanza. Ule wa kuchoka alikuwa amenishika. Wa kucheka, mikono yake yote iko ku makayabo.

Mwenzake wa mama pia angeweza kunishika, hiyo najua. Mutoto anafunga macho mu jua, mutu yeyote anamushika asianguke. Najiambia hivyo asubuhi nikikunywa chai. Na kurudi kwa mujane siwezi, atanirudisha sawa ule kijana, na hii nusu pia ataiomba.

Watu wakiingia kwangu, wachache wenye wanaingia, wanatazama ukuta wanauliza: huyu njo mama yako? Nasema ndiyo. Wanasema alikuwa muzuri, alipenda kucheka. Nasema ndiyo, alipenda. Hakuna mutu mu hii dunia wa kuniambia nadanganya, hata mumoja, na hiyo njo inaniumiza.