Kichwa cha Chewa

Jirani ametundika kamba mbichi ya makumbi ya nazi kwenye ukuta wangu ikauke, na harufu yake imenichafua roho tangu asubuhi.

Kamba kama hiyo, nilipokuwa mtoto, niliipitisha kwa mikono yangu kwenye shavu la chewa, ikatokea mdomoni. Samaki alikuwa mkubwa kunishinda. Tungempakia, mtumbwi wetu ungezama. Baba alimpiga rungu kichwani, akambana ubavuni mwa mtumbwi. "Funga, mwanangu! Kaza!" Shavu lilinichana vidole, chumvi ikaniwasha, lakini nilikaza. Kwetu aliyefunga kamba ndiye mwenye kichwa, awe mtoto, awe mwanamke. Njia nzima ya kurudi Utende nilikitazama kile kichwa kikielea kando yangu, nikiuonja mchuzi wake.

Pwani alikuwa amesimama mtoto wa mwenye shamba tulilokaa, kijana hata ndevu hana.

"Samaki huyo apelekwe nyumbani kwetu," alisema.

"Shikamoo bwana," baba yangu akamwamkia, mtu mzima na mvi zake. "Kichwa ni cha binti yangu. Yeye ndiye aliyefunga."

Kijana alicheka. Akaikata kamba kwa kisu, akaitupa mchangani. "Basi achukue kamba yake."

Watu wake wakambeba samaki mzima mzima.

Baba akaniinamia. "Mwamkie bwana, twende zetu."

Nikampa yule kijana kisogo. Leo nina wajukuu, yeye keshazikwa, na bado sijamwamkia.