Barabara Ilihama Nikiwa Msibani

Jamani, mmewahi kusikia barabara inahama?

Mfugaji anahama. Anaswaga ng'ombe wake, anashuka zake Mtowisa kutafuta majani. Lakini barabara?

Ya kwetu ilihama. Niliondoka kwenda msibani Laela nikiiacha inaelekea mlangoni kwangu. Narudi, naikuta imekata kona kwa mtu mwingine.

Naitwa Marsiana, mnaonijua mnaniita Mama Jeni. Nakaa pembezoni kabisa mwa mji wa Sumbawanga, huku ambako zamani yalikuwa mashamba ya mahindi na ulezi. Siku hizi nyumba zimeota kila mtu anavyojisikia. Mmoja kajenga katikati ya njia, mwingine choo chake ndiyo kona.

Mume wangu Kasmir alipigwa kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalala.

Hospitali wakasema akifanyiwa mazoezi kila wiki ana nafasi nzuri ya kurudi alivyokuwa. Ila wakasisitiza, msichelewe.

Sasa tunafikaje? Kwenye bodaboda hawezi kujishika. Bajaji ikikutana na tope la bondeni inagoma. Hiace zinaishia kwenye lami, mbali huko.

Nikaenda kuwalilia madereva. Mmoja akanijibu, "Mama, sisi abiria hatumkatai. Tupeni barabara na sehemu ya kugeuzia gari, tutamfuata hadi kitandani."

Hilo neno nikalibeba mpaka mkutano wa mtaa. Watu wa mipango miji wakaja, wakapima, wakapiga vigingi vya mti. Pa kugeuzia gari pakaangukia mbele ya kwangu, maana ndipo palipokuwa na upana. Shida moja tu: jiko langu la nje lilikuwa ndani ya vigingi.

Nililibomoa mwenyewe. Tofali nilizofyatua kwa mikono yangu, nilizigonga nyundo huku naimba. Nilikuwa namuona Baba Jeni anapandia gari mlangoni.

Mwenyekiti wa kamati ya barabara alikuwa Adolfu. Huyu kwetu si jirani tu. Yeye na mkewe ndio wasimamizi wetu wa ndoa, walisimama nasi mbele ya padri.

Siku ya msaragambo, mtaa mzima tulipotoka kufyeka njia, Adolfu alitoa kimpumu, pombe yetu ya ulezi. Tukakizunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Mimi nimelelewa hivyo: jambo mkishalinywea chungu kimoja, limekwisha. Nani tena aanze kuulizia saini kama vile tuko mahakamani?

Hapo ndipo nilipolizwa.

Narudi kutoka Laela, greda limeshapita. Vigingi vya mbele ya kwangu vimeng'olewa. Pa kugeuzia gari pako kwa Adolfu, na mafundi wake wanachimba msingi wa fremu za maduka.

Moto ukanipanda. Hata mkoba sikutua.

"Msimamizi, shikamoo."

"Marahaba, Mama Jeni. Pole na msiba."

"Msiba uko hapa. Barabara yetu imeendaje?"

"Mwanangu, barabara siyo mali ya mtu."

"Jiko nililobomoa lilikuwa mali ya mtu!"

Nikamchana mbele za watu. Nikamwita mlafi, nikamwita msaliti, nikamwambia ile kimpumu imtokee puani. Mafundi wakaacha majembe wakanisikiliza.

Adolfu akanisubiri nimalize. "Umemaliza? Sasa nenda kamuulize mwenzio. Kiwanja ni chake, na ni yeye aliyeniita akakataa. Mimi nimeokota kilichotupwa."

Nikacheka. Kasmir? Mtu ninayemuogesha?

Nikamkuta kwenye kiti chake, blanketi mabegani, maana upepo wa huku hauna huruma.

"Baba Jeni, Adolfu anakusingizia."

Akajivutia blanketi kwa mkono wa kushoto.

"Niambie anakusingizia!"

Tangu augue maneno humtoka kwa shida. Siku hiyo aliyasukuma mpaka yakatoka.

"Hajanisingizia. Kituo mlangoni kwangu? Watu wamejaa, wananitazama unavyoniburuta? Mimi niliyekuwa napakia magunia ya mahindi kwenye lori?"

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Mlikwenda mikutanoni, mkapanga, mimi mkaniacha ndani."

Nilikaa chini sakafuni. Jamani, niliumia. Adolfu ningemchukia nikalala usingizi wangu vizuri. Lakini huyu alinisikia nabomoa jiko kwa ajili yake, akanyamaza. Akasubiri niende kuzika ndugu yangu, ndipo akamwita rafiki yake.

Hiace zikaanza kuja, zinageuzia kwa Adolfu. Kasmir akagoma kutoka. Masika yote nilimbembeleza, Jeni binti yetu akalia, padri akaja na kuondoka.

Alipokubali, mtaalamu wa mazoezi akamshika mkono, akaukunja, akaukunjua. Akaniambia pembeni, "Mama, mguu tutaupigania. Mkono mmechelewa."

Nililia hadharani, na sikujali nani ananiona.

Sasa hivi tunakwenda kila wiki. Ananiegemea begani, tunapita nyumba moja baada ya nyingine mpaka kituoni. Yaani mtu aliyekimbia macho ya abiria wachache mlangoni kwake, leo anapita mbele ya mtaa mzima kwa mwendo wa kinyonga, na kila baraza linampa pole.

Anaitikia kila pole. Mimi namshikilia asianguke. Na bado sijamsamehe.

Ninyi mnaopanga barabara, muulizeni kwanza anayekwenda kupandishwa gari. Mimi nilimpangia mume wangu njia kama vile hayupo.

Na wewe unayepangiwa, sema! Ukimsikia mwenzio anabomoa kwa ajili yako kitu usichokitaka, mzuie nyundo ingali juu.