Kinga Iliyompungukia Mdogo Wangu

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nikifanya kazi maabara, Nachingwea mjini, na nilijiona msomi kuliko nilivyokuwa. Nikifika nyumbani Ruponda mwisho wa wiki naulizwa kila kitu: kikohozi, minyoo, mimba. Nilijibu vyote. Kusema sijui kulinishinda.

Mdogo wangu wa kiume, fundi uashi, alikuwa ameshaugua homa ya uti wa mgongo mara mbili, na mara zote aliponea chupuchupu. Kaka wawili wa mama walikufa kwa ugonjwa kama huo wakiwa vijana, na kijijini watu walishajua mchawi ni nani. Daktari mmoja mgeni, katika hospitali ya misheni, habari za mchawi hakuzijali, ila za wajomba alizisikiliza sana. Alimtoa mdogo wangu damu, ikapelekwa mbali, majibu yakarudi baada ya miezi mingi. Akaniita mimi nikawaeleze nyumbani. La kushika lilikuwa moja: homa yoyote ikimpata, afike hospitali siku hiyo hiyo. Asilale nayo.

Nikawakalisha, nikakohoa kidogo kama mwalimu mkuu, nikasema, "Ana upungufu wa kinga mwilini."

Sikudanganya. Lakini miaka ile maneno hayo yalibandikwa kwenye kuta za zahanati zote, na maana yake ilikuwa moja tu: UKIMWI. Mama hakuniuliza kitu. Kesho yake kikombe cha mdogo wangu kilikuwa kimetengwa, kimefunikwa kwa kitambaa, peke yake. Nikajitahidi kumwambia mama kwamba siyo ile. "Wote husema siyo ile," akanijibu. Wiki haikuisha, mdogo wangu akafunga mwiko na timazi yake akaenda Ruangwa kutafuta vibarua. Nilimkasirikia mama kwelikweli. Kujikasirikia mwenyewe hakukunijia.

Ulipofika msimu wa kupulizia mikorosho ndipo nikarudi na akili. Nilimkuta mama shambani asubuhi na mapema, mashine imezimwa kidogo, uso wake wa njano kwa unga wa salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho. Nikaanza upya, safari hii bila kulitaja lile neno.

"Mama, kwenye damu kuna kitu kinachojimwaga chenyewe kila saa, uumwe usiumwe. Hakingoji kuonyeshwa adui. Kinatua popote, hata juu ya nyama yetu wenyewe."

"Kama salfa," akasema, akijipangusa.

Kama salfa kabisa. Sisi mwili wetu unajua kujipangusa. Chembe zetu zina walinzi wa kukibandua kitu kile kabla hakijadhuru. Kidudu cha ugonjwa hakina walinzi hao. Kile kitu kikitua juu yake kinabaki, kinashikana na protini ya pili iliyomo kwenye damu, ya tatu inaikata hiyo ya pili, na ule mshikamano unaobaki unazalisha kile cha kwanza kwa wingi. Nacho kinatua, kinashikana, kinazalisha tena, mpaka kidudu kimefunikwa chote, kinaliwa na chembe nyeupe za damu au kinatobolewa. Nikamwambia mama hapo salfa haifui dafu, maana salfa haizai.

"Sasa yeye kapungukiwa salfa?"

"Salfa anayo. Ila ule mshikamano unaachia upesi. Kuna protini moja ya kuushikilia, na hiyo hakuzaliwa nayo. Kasoro hiyo inatoka upande wako, kwa wajomba."

Aligeuka akatazama majani. "Sisi hapa tunapuliza mapema kwa sababu gani? Majani yana umande, salfa inakamata. Jua likishapanda, inapeperuka yote. Mwanangu hana umande."

Vitabu vyangu vyote havikuwa na sentensi kama ile. Nilitaka kumsifu, lakini alikuwa ameshakaa chini kwenye majani makavu, analia. "Mtoto nimemtengea kikombe," akasema. Halafu akasimama. "Twende Ruangwa."

Tulichelewa. Homa ilikuwa imemshika wiki mbili kabla, na alilala nayo siku mbili kwenye chumba cha kupanga. Aliogopa kuonekana na watu wa kwetu kwenye foleni ya hospitali, na yale maneno yangu yalikuwa yameshamtangulia. Majirani ndio waliombeba. Alipona. Masikio hayakupona.

Tulimkuta wodini ameketi kitandani, amekonda. Mama alimshika mikono yote miwili. "Nisamehe, baba," akasema, akarudia kwa sauti, akarudia tena kwa sauti kubwa zaidi, mpaka muuguzi akamwomba apunguze. Mdogo wangu alimtazama midomo, akanigeukia.

"Dada, mama anasema nini?"

Nikachukua karatasi, nikaandika: Mama anasema umsamehe. Kabla sijampa nikaona aibu. Nikayakata maneno hayo kwa mstari, nikaandika chini yake: Nisamehe mimi. Mama alisikia nilichosema.

Akaisoma taratibu, akaikunja, akaiweka chini ya mto. Kisha akauliza, kwa ile sauti ya juu ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, kama tumekula chochote njiani.