Shangazi Meleseini na Mashamba ya Mwezini

Kisiwani kwetu 'Eua, mwanamume mwenye dada hana mali. Ana vitu anavyomtunzia dada yake. Kalafi alilijua hilo tangu utotoni. Dada yake, Meleseini, ndiye aliyekuwa fahu wa nyumba yake, yaani mwenye haki ya kuchukua chochote cha kaka na cha watoto wa kaka, bila kuomba wala kushukuru. Alichukua nguruwe wakiwa bado na matope. Alichukua redio huku mchungaji wa redioni akiwa katikati ya mahubiri, na Kalafi akaenda kumalizia ibada dirishani kwa dada.

Msimdhanie mchoyo. Meleseini hakuolewa. Kutwa aliponda magome ya mforosadi kwa nyundo ya mti, akiyageuza nguo za kuzikia wafu wa kijiji kizima. Mke wa Kalafi alipofariki, alimchukua pia mtoto mchanga, Siosaia, akamlea kwa nguruwe wale wale wa baba yake.

Sasa, sheria yetu humpa kila mwanamume shamba akifikisha umri. Sheria nzuri sana. Ardhi ndiyo iliyokosa adabu, ikaisha. Serikali ilihangaika hadi Kampuni ya Anga Pana ilipoleta dawa: tuipe pwani yote ya mashariki irushie vyombo vyake vya angani, nayo itawagawia vijana wetu mashamba mwezini. Waziri wa Ardhi, Tukia, akatangaza redioni kwamba tatizo la ardhi limekwisha milele. Na mashamba yalikuwa makubwa kweli. Yalipungukiwa vitu vidogo vidogo tu: maji, hewa, na udongo unaootesha kitu. Ila shamba haliwi lako mpaka ulifyeke, na kwa kuwa mwezini hakuna nyasi, kufyeka kulimaanisha kuichimbia kampuni madini kwa miaka kumi na mitano.

Siosaia alikuwa katika kundi la kwanza. Waziri mwenyewe alikuja kula kwa Kalafi, akamwita mzalendo, na Kalafi, ambaye hajawahi kuitwa chochote, akatia saini.

Meleseini alifika kabla sahani hazijaoshwa.

"Nipe kijana wangu."

"Dada, ningekuwa naye ningekupa. Sasa si wangu tena, ni wa kampuni."

"Umewapa mtoto watu ambao hata mama zao huwajui?"

"Wana nembo nzuri, dada."

Akamgeukia Siosaia. "Na wewe, unataka kwenda?"

"Nikikataa, shangazi, nitabaki bila shamba."

"Nimekuuliza habari za shamba mimi?"

Kijana akatazama chini. "Sitaki," akasema.

Meleseini akaenda ofisi ya serikali. Huko karani akamweleza kwa upole kwamba haki ya fahu ni dhidi ya kaka, na kampuni si kaka yake. Alirudi nyumbani akaponda magome kwa nguvu iliyowanyima majirani usingizi wa mchana.

Asubuhi ya kuondoka, kijiji kizima kiliitwa kwenye kiwanja cha kurushia, kula karamu ya viazi vikuu na nguruwe wa kuoka. Vijana walisimama safu moja ndani ya mavazi ya rangi ya fedha. Kampuni ilikuwa na idara nzima ya kuheshimu mila, yenye viyoyozi na wataalamu, na idara hiyo ilikuwa imeshauri kwamba mzee mmoja wa kike atukuzwe. Wakauliza nani anaheshimiwa zaidi. Wakaambiwa ukweli. Hivyo Meleseini akakalishwa mbele, juu ya rundo la mikeka refu kuliko la Waziri.

Mkurugenzi, Bwana Whitcombe, akasimama na shada la maua shingoni. "Kuanzia leo," akanguruma, "mama huyu ni fahu wa kampuni yetu!"

Watu wake walipiga makofi. Sisi tuliacha kutafuna. Waziri aliangusha kipande cha kiazi kikuu, akamnong'oneza Mkurugenzi, "Bwana, sema unatania."

"Kwa nini? Mbona wamefurahi!"

"Hawajafurahi. Wanangoja."

Meleseini alikwisha kuinuka, akikaza kiunoni mkeka wake wa kuvaa siku za heshima. "Asante, mwanangu. Umesema mimi ni fahu wa kampuni?"

"Ndiyo, mama!"

"Mbele ya mchungaji?"

"Mbele ya dunia nzima!"

"Na kijana huyu ni wa nani?"

"Wa kampuni!" alisema Bwana Whitcombe kwa fahari.

"Basi namchukua." Akamshika Siosaia ukosi. "Na hawa wenzake. Na wale nguruwe wa kuoka, kabla hawajapoa."

Wanawake walipiga yowe la furaha. Bwana Whitcombe alicheka peke yake, kisha akaacha. "Waziri, mweleze kwamba hii ni heshima tu, si jambo la kweli."

Waziri alifungua kinywa. Mstari wa mbele, shangazi yake mwenyewe akaegemea fimbo. "We Tukia, fahu si jambo la kweli? Hebu sema nisikie. Lile gari lako nilikuwa bado sijalihitaji."

"Serikali," alisema Waziri, jasho likimtiririka, "inathamini sana wawekezaji."

"Mh."

"Lakini vijana, Bwana Whitcombe... vijana wameshachukuliwa."

Chombo kiliruka kwa wakati wake na viti vitupu, kwa sababu wenye hisa ng'ambo walikuwa wakitazama. Redio ya serikali ikatangaza kwamba walowezi wetu wa kwanza wameondoka salama. Safari hiyo haikusema uongo. Waliondoka kwa miguu, nguruwe mabegani, Meleseini mbele yao akiwakaripia wasipakaze mafuta mavazi yale ya fedha, kwa maana nayo yalikuwa yake.