Kuvu za Koo Nyingi

Dada yangu akilivalia jambo njuga, heri umpishe njia. Anafanya kazi maabara ya misitu, mikono yake hainuki kitu ila spiriti, na nyumbani tunamwita Mama Kuvu.

Kuvu ilikuwa imeimaliza mikaratusi ya mji wetu. Magome yalipasuka, utomvu mwekundu ukachuruzika, matawi yakakauka. Uani kwetu mti wa marehemu baba ukabaki mzima. Mimi mwenye kitalu nikakata machipukizi yake, nikaotesha miche mpaka nafasi ya kupita ikakosekana. Nilitaka mji mzima upandwe mti wa baba. Nilijivuna, sikatai.

"Miche yako yote ni mti mmoja, mdogo wangu," dada akaniambia. "Na kuvu je, ni moja?"

"Kuvu ni kuvu tu!"

Alichukua kisu, akazunguka mitaani akibandua magome ya miti iliyougua huku mbwa wakimbwekea. Baadaye akaniita maabara. Katika kila kisahani alikuwa ameotesha kuvu za miti miwili, zikatambaa kama pamba hadi zikakutana. Za ukoo mmoja huungana. Zisizo ndugu hukataana, zikiacha mstari mweusi katikati. Nilipotazama, karibu kila kisahani kilikuwa na mstari.

"Mti wa baba umeshinda kuvu ya miti ya jirani tu," akasema. "Hizi nyingine haujakutana nazo. Nipe miche niijaribu."

Nilipandwa na hasira. "Unataka kuua mti wa baba?"

"Afadhali niue mche mmoja humu ndani kuliko kuvu iue yote huko nje."

Nikampa. Kila mche aliuchanja kwa kuvu ya ukoo tofauti. Mingi ilihimili. Mmoja ukatoa utomvu shinani, ukanyauka, na dada akalia. Nilitaka kumwambia mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, nikaishia kuuinua ule mche uliokufa.

Akajifuta machozi kwa mkono wa koti. "Haya. Tutafute miti mingine iliyopona, hata ya mbali. Tuchanganye."

Tulihangaika sana, tukaipata. Siku ya kupanda, dada alitangulia kuupanda mche mmoja wa baba. Nilikuwa na mwingine wa baba mkononi. Nikaurudisha kitaluni, nikapanda kando ya ule wa dada mche wa mti nisioujua.