Mstari Mweupe wa Maporomoko

Enzi zetu mjini Ibra, kule Omani, miaka ile ya sabini, sisi tuliotoka Unguja bado wadogo tulikuwa na sinema yetu nyumbani. Ilikuwa kitabu kikuukuu cha Kimarekani, alichopewa babu yake Bibi na mfanyabiashara aliyeleta vitambaa vya marekani Unguja. Bibi alikiweka sandukuni, kimeviringishwa kwa kanga, kinanukia udi. Kila Ijumaa baada ya wali tulinawa mikono kwa sabuni, ndipo akakifungua.

Picha zile zilinipumbaza. Treni ikivuka daraja la miti, milima ya theluji, na maporomoko ya maji ambayo nilihisi yatanilowesha. Ukisogeza jicho unaona vijistari tu, maelfu kwa maelfu, vyembamba kuliko uzi. Mjomba Seif, mwanawe Bibi, fundi wa kuchonga milango, alitwambia hazikuchorwa kwa kalamu. Zilichongwa kwenye ubao, ubao ukapakwa wino, ukagandamizwa kwenye karatasi. Penye weupe ndipo fundi alipokata, penye weusi ndipo alipoacha. Nilistaajabu: mkono wa binadamu kweli unaweza kuchonga povu la maji?

Ijumaa moja jua la dirishani lilipouangukia ukurasa, Bibi akaona mstari mweupe umeyapasua maporomoko toka juu hadi chini. Mimi ndiye niliyekaa karibu, na mapajani nina kofia niliyokuwa nikiishona.

"Sindano yako hii, mwanangu. Kitabu hukigusi tena."

"Wallahi si mimi, Bibi."

Nililia wiki nzima. Kusingiziwa kuliniuma, lakini kuyakosa maporomoko yale kuliniuma zaidi.

Mjomba alipokuja, akaitazama picha kwa kioo chake cha kukuzia, akacheka. Akakata vipande viwili vya mkunazi kwa upana wa gogo, si kwa urefu, akavilainisha, akavibana pamoja, akavipaka masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta, akavigandamiza kwenye karatasi. Katikati ya weusi ukatokea mstari mweupe, ule ule.

"Mama, mti mgumu wa kuchongea hauna shina nene. Wakitaka picha kubwa, waliunga vipande. Huu mstari umekuzidi umri wewe, seuze huyu mtoto."

Bibi hakuniomba radhi. Wakubwa wa enzi zetu hawakuwa na mchezo huo. Alivua ufunguo wa sanduku shingoni mwake, akanivisha mimi.

Kitabu ninacho hadi leo. Wajukuu zangu wana picha chungu nzima kwenye simu, na hawatazami hata moja mara mbili. Nawaonea huruma kidogo. Juzi mdogo wao aliweka vidole viwili juu ya maporomoko, akavitanua, akangoja yakue.

"Bibi, hii imeharibika."

Nikacheka mpaka machozi, nikampa kioo cha Mjomba. Akainama, akakisogeza kioo polepole juu ya povu, mdomo wazi. Halafu nikaona uso umembadilika. Alikuwa ameufikia ule mstari.

"Bibi, wallahi si mimi."

"Najua," nikamwambia upesi, kabla hajaanza kulia.