Siku Niliyomdanganya Jirani

Jirani yangu wa Mwisenge ni mshonaji nguo, mjane. Mume wake alipokuwa na miezi mitatu tu kaburini, shemeji zake walimwita Butiama kwenye kikao cha ukoo. Asubuhi ya Jumamosi alisimama mlangoni kwangu, amevaa gauni lake la kanisani.

"Mwalimu, nisindikize. Nasikia kuna karatasi, na mimi kusoma unajua ni shida."

Nilimwambia nina mitihani ya kusahihisha. Mitihani yenyewe nilikuwa nimeimaliza jana yake. Nilitaka kwenda kusuka nywele, na vikao vya koo za watu vinanichosha. Akasema hamna neno, akaondoka peke yake.

Alirudi jioni, kidole gumba kina wino. Walimwambia anaweka alama ya mahudhurio. Akanipa nakala nimsomee, na hapo ndipo nilipoona kwamba amewaachia shemeji zake shamba lote la mihogo la marehemu mumewe. Nilisoma mpaka mwisho. Hakulia. Alisema, "Haya," akaenda kukaa kwenye cherehani yake.

Mwaka uliofuata, nikitoka Bunda kumsalimia dada yangu, bodaboda niliyopanda iliteleza kwenye kokoto. Nikavunjika mguu. Nilifungwa plasta kutoka pajani mpaka kwenye vidole, na aliyenihudumia ni yule yule jirani. Alinipikia, aliniogesha, alimwaga ndoo yangu. Kila alipoinama kunivua kandambili nilitamani angenitukana tu.

Padri wa parokia yetu wakati huo alikuwa Mwigbo kutoka Nigeria. Siku moja aliniletea komunyo, akamkuta jirani anamenya ndizi. Akakaa, akatusimulia habari za kwao. Alisema wazee wake waliamini kila mtu huzaliwa na chi yake, kama sehemu ya Mungu inayotembea naye, na hakuna ajuaye chi yake imembebea nini kesho. Kwa hiyo mtu hathubutu kuishi peke yake. Wana neno lao, igwebuike, maana yake nguvu iko katika kuwa wengi.

"Mama huyu analiishi neno hilo bila kufundishwa," alisema, akimwashiria jirani.

Padri alipoondoka nikamwambia jirani yote: mitihani, nywele, uongo.

Aliendelea kumenya.

"Nilijuaga," alisema. "Gari letu lilipita pale saluni, nikakuona umekaa nje."

"Na bado unaniogesha?"

"Sasa ungeoga vipi?" Akachukua ndizi nyingine. "Ila mwalimu, ile siku iliniuma. Mume wangu amelala kwenye shamba lile. Nikitaka kupalilia kaburi, naomba ruhusa."

Nikamwomba aniletee ile nakala.

Nilipoweza kutembea tulikwenda pamoja kwenye baraza la kata kulidai shamba, mara nne, mimi na fimbo yangu. Nilisoma kila karatasi kwa sauti mbele ya wajumbe wa baraza. Alirudishiwa kipande chenye kaburi, pamoja na matuta machache kando yake. Sehemu iliyobaki shemeji zake wanalima mpaka leo.

Watu wa mtaani wananisifu kwa kumsaidia. Mimi sijawahi kuwaambia ilikuwaje mwanzo, na yeye pia hajawaambia. Tunasalimiana kila asubuhi. Kama amenisamehe sijui. Naogopa kumuuliza.